Ukoo wa Bibi Korogwe: laptopu iliyochemka begini

*Jumapili*

Shangazi Rehema: Nimefika salama, alhamdulillahi. Bibi mzima, anawasalimu wote. Idi uko wapi? Laptopu imezima kabisa, na begi lilikuwa la moto kama nimepakata pasi ya mkaa. Abiria wa pembeni kahama siti.

Zainabu (Mombasa): Pole shangazi! Isije ikawa betri inataka kulipuka.

Baba Mkubwa: ↪️ *Ujumbe uliosambazwa mara nyingi:* TAHADHARI!!! USICHAJI SIMU WAKATI WA RADI...

Zainabu (Mombasa): Baba Mkubwa hii umetuletea tangu mwaka juzi 😂

Idi: Shikamoo shangazi, shikamooni wakubwa. Nilikuwa na mteja. Uliizima, au ulifunga kifuniko tu?

Shangazi Rehema: Marahaba. Nilifunga kifuniko. Stendi ya Mbezi, saa tatu asubuhi, chaji 94. Hapa nimefungua saa tisa na nusu, giza. Nimechomeka umeme ikawaka upya kama mgeni. Alama za kidato cha pili zimekwenda, nilikuwa sijahifadhi. Watoto 43, Idi.

Baba Mdogo Salimu: Ukifunga kifuniko si inalala? Yangu ile nene nafunga Ijumaa, nafungua Jumatatu, chaji imepungua kidogo tu.

Idi: Ile yako inalala kweli, Baba Mdogo. Usingizi wa zamani: prosesa, ule ubongo wa kompyuta, inazimwa, inabaki memori peke yake ikinyonya umeme kiduchu. Hizi nyembamba za siku hizi nyingi hazina usingizi huo. Zinasinzia kama simu, skrini imezima lakini ndani watu wako macho. Wai-fai inaweza kuendelea kupokea barua pepe. Mezani haina shida. Ndani ya begi, ikiamshwa na kitu, joto halina pa kutokea, nalo joto ndilo linaloua betri.

Idi: Shangazi, tusikisie. Bonyeza kitufe cha Windows, andika `cmd`, kibonye cha kulia juu yake, chagua *Run as administrator*. Dirisha jeusi likifunguka andika `powercfg /a`, Enter, nipigie picha.

Shangazi Rehema: 📷 *Picha*

Shangazi Rehema: Samahani kidole kimeingia.

Idi: Nimeona. Pale juu mashine inakuambia ina *S0 Low Power Idle*, ndiyo huko kusinzia. Chini inasema S3, ule usingizi wa zamani, kiwanda hakikuuweka. Kwa hiyo ilivyo sasa, kufunga kifuniko peke yake hakutoshi safarini.

Idi: Ila subiri. Chini zaidi: *Hibernation has not been enabled*. Nani kakuzimia haibaneti? Kwa kawaida huwa imewashwa toka dukani.

Bibi: 🎤 *Sauti, 0:19*

Zainabu (Mombasa): Bibi anauliza, "haibani nini?" 🤣

Idi: Haibaneti, Bibi 😂 Ni kama mtu anayefunga duka. Anaandika kila kitu daftarini, bidhaa zilipo na madeni ya nani, halafu anazima taa na kwenda zake. Kesho anasoma daftari, anaendelea alipoachia. Laptopu inanakili yote yaliyo kwenye memori, inaweka kwenye diski, inazima kabisa. Haili chaji, na wai-fai inazimwa.

Idi: Tena shangazi, ingekuwa imewashwa, chaji ilipokaribia kuisha mashine ingejihifadhi yenyewe na zile alama ungezikuta. Haikuwa na daftari la kuandikia, ndiyo maana.

Shangazi Rehema: Mimi sijagusa kitu chochote. Mimi nafungua Excel na Word basi.

Zainabu (Mombasa): Hebu ngojeni. Nimepanda juu kwenye kikundi.

Zainabu (Mombasa): ↩️ *Baba Mdogo Salimu, Januari:* "Rehema kama laptopu imejaa nenda kwenye dirisha jeusi uandike powercfg -h off. Utapata GB 3 za bure. Nimeona kwenye video."

Zainabu (Mombasa): 👀

Shangazi Rehema: Salimu.

Baba Mdogo Salimu: Ilikuwa imejaa! Na wewe mwenyewe ulijibu "ahsante kaka, imekubali".

Idi: Kwa hesabu Baba Mdogo hakukosea. Lile daftari ni faili linaitwa `hiberfil.sys`, na kawaida linachukua kama asilimia 40 ya RAM, yaani ile memori. Ya shangazi ni GB 8, kwa hiyo GB 3 na kitu. Amri ile inalifuta. Kwa kompyuta ya mezani ambayo haiendi popote ningekuwa upande wake. Kwa mtu anayepanda basi, hapana.

Shangazi Rehema: Na tangu Januari inachelewa kuwaka. Nilidhani imezeeka.

Idi: Hiyo nayo ni hapo hapo. Ule uwakaji wa haraka wa Windows unatumia daftari hilohilo. Dirisha lile lile jeusi: `powercfg /hibernate on`. Ikikaa kimya bila kulalamika ujue imekubali.

Shangazi Rehema: Imekaa kimya.

Idi: Sasa Control Panel, Power Options, pale *Choose what closing the lid does*. Safu ya betri weka Hibernate. Safu ya umeme acha Sleep, ili ofisi ya walimu ukifunga na kufungua usisubiri. Kisha Save, watu wengi wanaisahau hiyo. Na siku ya safari, ukishafunga usiitupe begini hapo hapo. Subiri taa yake ndogo izime, inakuwa bado inaandika.

Baba Mdogo Salimu: Na bando? Leo alilia bando pia.

Shangazi Rehema: GB 2 niliweka asubuhi, Chalinze hazipo. Nilisema watanieleza hao wa mtandao.

Idi: Hotispoti ya simu ulizima?

Shangazi Rehema: ...

Idi: 😅 Andika `powercfg /sleepstudy`. Itatengeneza ripoti na kukuambia imeiweka wapi. Fungua, tafuta leo.

Shangazi Rehema: 📷 *Picha*

Shangazi Rehema: Hiyo nyekundu ndefu ni nini?

Idi: Ndiyo basi lako 😂 Mbezi mpaka chaji ilipokata. Angalia wanaolaumiwa pale chini, kadi ya wai-fai imo. Simu ilikuwa mkobani na hotispoti, laptopu begini, zimeongea njia nzima. Fungua mipangilio ya wai-fai, jina la hotispoti yako, washa *Metered connection*. Windows ikijua mtandao ni wa kulipia, masasisho mengi yanasubiri. Ya shuleni usiiguse, acha ijishushie huko.

Zainabu (Mombasa): Idi na mimi basi. Yangu nikifungua asubuhi wai-fai hairudi mpaka niwashe upya. Mtandaoni wanasema Device Manager, kadi ya wai-fai, Power Management, utoe tiki. Hiyo Power Management kwangu haipo, nimetafuta mpaka macho yanauma.

Idi: Huenda na yako ni ya kusinzia, da Zai. Kwenye hizo mara nyingi ukurasa ule unafichwa, Windows inajiamulia yenyewe. Ushauri ule ni wa mashine kama ya Baba Mdogo. Wewe chukua draiva mpya ya wai-fai, ile programu inayoendesha kadi yake, kwenye tovuti ya waliotengeneza laptopu. Wakati huo ikigoma, washa hali ya ndege, zima, itarudi bila kuwasha upya.

Zainabu (Mombasa): Imerudi! Na draiva naitafuta usiku.

Baba Mkubwa: ↪️ *Ujumbe uliosambazwa mara nyingi:* FAIDA 10 ZA KITUNGUU SAUMU...

*Alhamisi*

Shangazi Rehema: Jana nilikuwa na semina Lushoto. Nimefunga Korogwe 87, nimefungua kule juu 87. Begi la baridi. Imechukua kama sekunde ishirini kuamka, na Excel ilikuwa palepale nilipoiacha.

Idi: 👏🏾👏🏾

Baba Mdogo Salimu: Basi yameisha, tumesameheana.

Shangazi Rehema: Hayajaisha. Karatasi za watoto 43 ziko hapa mezani. Jumamosi unakuja, wewe unasoma, mimi naandika.

Baba Mdogo Salimu: Kutoka Tanga mpaka Korogwe kusoma alama?

Bibi: 🎤 *Sauti, 0:08*

Zainabu (Mombasa): Bibi anasema ukipita Muheza uchukue machungwa.