Mjadala: Je, kitambi ni uvivu wa mtu, au ni chakula kinachomzunguka?

Hoja iliyowekwa mbele yetu ni kwamba sisi wakazi wa Mombasa tunanenepa kwa kuwa tumeacha kutembea, tuktuk zinatushusha mlangoni, na kwamba mwenye kitambi hana wa kumlaumu ila nafsi yake. Naiheshimu hoja hiyo lakini siikubali, na ushahidi wangu ni Wahadzabe wanaoishi kando ya Ziwa Eyasi, Tanzania.

Mwaka 2012 mtafiti Herman Pontzer na wenzake walichapisha vipimo vya nishati wanayotumia Wahadzabe kwa siku. Watu hawa huwinda, huchimba mizizi na hutembea masafa marefu, lakini ukishazingatia ukubwa wa miili, nishati yao ya siku nzima haikupishana na ya watu wa Marekani na Ulaya wanaoshinda vitini. Inaelekea mwili uliozoea kazi nyingi hubana matumizi yake kwingineko. Mazoezi yana faida kubwa kwa moyo na misuli, wala simshauri mtu ayaache. Ninachokataa ni kuyategemea yafute sahani ya chipsi na soda iliyoiandamia.

Tabia ya kuweka akiba ya mafuta haikuanza jana. Ubongo wetu ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, ilhali hula takriban asilimia 20 ya nishati tukiwa tumepumzika, na haungoji mavuno. Ndiyo maana mtoto wa binadamu huzaliwa na mafuta mengi kuliko watoto wa karibu wanyama wote. Misuli nayo ni ghali kuilisha, hivyo isipotumika hupungua.

Mwili wa namna hiyo tumeuweka mbele ya chakula cha kiwandani. Mwaka 2019 mtafiti Kevin Hall alichapisha jaribio la watu 20 nchini Marekani, walioandaliwa milo ya aina mbili, ya kiwandani na isiyo ya kiwandani, yenye kalori, sukari na mafuta sawasawa, wakaachwa wale kadiri wapendavyo: walipopewa vyakula vya kiwandani walikula takriban kalori 500 zaidi kwa siku. Je, wote hao walikuwa walafi?

Tazameni ubuyu. Mhadzabe huutoa mtini akautwanga na kuula. Sisi tunauchemshia sukari na rangi nyekundu, kisha tunamuuzia mtoto kwenye lango la shule. Napendekeza basi kaunti ianze na malango hayo, izuie soda na peremende kuuzwa hapo, kabla ya kumhubiria mtu mzima juu ya tumbo lake.

Linalonisumbua ni kwamba katazo hilo huenda likagusa pia riziki ya mama zetu wanaokaanga viazi karai na bhajia papo hapo langoni, ambao wengine wamesomesha watoto kwa karai hilo. Mwenye uzoefu wa biashara hiyo na atueleze: angeweza kuuza nini badala yake, kwa bei ambayo mwanafunzi anaimudu?