Staji UNTI Bukavu: watoto wa bwaki, na msichana anayekataa kula

furaha_nutri (Kadutu)

Jambo kwenu wakubwa. Niko mwaka wa tatu, lishe. Jumatatu naanza staji (mafunzo ya kazi) ya wiki sita kwenye UNTI moja hapa Bukavu, yaani wodi ya kulaza wenye utapiamlo mkali. Watoto wa bwaki (kwashiorkor, utapiamlo wa kuvimba) na waliokonda tumewasoma darasani. Lakini naambiwa chumba cha pili kuna msichana wa miaka 16, kilo 34, anakataa chakula kwa kuogopa kunenepa, na daktari wa akili anamfuatilia. Nauliza mambo mawili: stajieri anafanya nini hasa kwa watoto, siku nzima? Na huyo msichana, nimpimie maziwa kwa jedwali lile lile? Nikikosea, nisahihisheni bila kunionea haya.

mwuguzi_bagira

Karibu, mdogo wangu. Nianze na watoto.

Asubuhi ni mizani, kabla ya maziwa, saa ile ile kila siku, mtoto bila nguo. Ukishaweka beseni au suruali ya kupimia, rudisha mshale kwenye sifuri ndipo umweke mtoto. Kisha uvimbe: bonyeza kwa dole gumba juu ya miguu yote miwili, sekunde 3, ondoa, tazama kama shimo linabaki. Miguu peke yake ni +. Ukipanda hadi miguuni juu au mikononi ni ++. Ukifika usoni ni +++.

Maziwa ya kuanzia ni F-75, maziwa maalum ya tiba ya utapiamlo: ml 130 kwa kilo kwa siku, mara 8, yaani kila baada ya saa 3, usiku pia. Mtoto wa kilo 6.4: 130 × 6.4 = 832. Gawa kwa 8, kila mlo ml 104. Mwenye uvimbe wa +++ anahesabiwa ml 100 kwa kilo, kwa sababu sehemu ya uzito wake ni maji.

Hapo ndipo wanafunzi wengi hupotea: wanamwonea mtoto huruma, wanaongeza kikombe. Usiongeze. Moyo wa mtoto huyo umekonda kama mkono wake, na figo zimechoka. Ukimjaza, maji yanarudi kwenye mapafu. Mapigo yakipanda kwa 25 kwa dakika na pumzi kwa 5, huku uzito nao unapanda, simamisha maziwa na uite mwuguzi mara moja, usingoje zamu ibadilike. Ni hatari hiyo hiyo inayofanya serumu (maji ya mshipani) isiwekwe ovyo kwa watoto hawa.

Kosa lingine ni kuruka mlo wa saa tisa usiku kwa sababu mama amelala. Asubuhi unamkuta mtoto amelegea, joto la kwapani liko chini ya nyuzi 35, sukari imeshuka. Kama anaweza kumeza, ml 50 za maji ya sukari (gramu 5 za sukari ndani ya ml 50), mfunike kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, na toa taarifa. Aliyepoteza fahamu usimpe kitu mdomoni. Mwite mwuguzi.

Kunywesha nako kuna namna yake. Mtoto anakaa wima mapajani, mgongo kwenye kifua cha mama, kisahani chini ya kidevu. Kikombe kinagusa mdomo wa chini, anavuta mwenyewe. Maziwa yanayodondoka kwenye kisahani yanarudishwa kikombeni. Kumlaza, kumziba pua au kummiminia kwa nguvu ndiko kunakopeleka maziwa kwenye mapafu. Andika alichokunywa, si ulichompimia. Asipofikisha asilimia 75 ya kiwango cha siku, wakubwa wataamua kuhusu sonda, mpira wa kulishia unaopitia puani. Matapishi nayo yaandike, pamoja na saa.

Na mama ale mbali na mtoto. Akimega bugali na sambaza (samaki wadogo wa ziwani) pembeni yake, mtoto ataomba, na chumvi ile haimfai wiki hii.

saikolojia_ibanda

Naongezea kuhusu huyo msichana. Jedwali la watoto usilisogeze karibu naye. Mtoto mdogo anaanza na kilokalori 100 kwa kilo kwa siku. Kwa umri wa miaka 15 hadi 18, kiwango cha kuanzia cha WHO kwa utapiamlo mkali ni 50 kwa kilo. Kwa kilo 34 hiyo ni 1,700. Ukitumia hesabu ya watoto unafika 3,400, mara mbili. Na kama amekaa zaidi ya siku 10 karibu bila kula, daktari anaweza kuanza chini zaidi. Chakula kikirudi kwa kasi, mwili unavuta fosfati, potasiamu na magnesi kutoka kwenye damu kuingia ndani ya seli. Siku za kwanza, hapo hapo tunapofurahi kwamba hatimaye anakula, moyo unaweza kusimama. Kwa hiyo kiwango ni cha daktari, vipimo vya damu ni vya daktari, na vitamini B1 hutangulia chakula. Wewe unapima mapigo akiwa amelala, kisha akiwa amesimama, joto, na unaandika.

Wakati wa kula kaa naye mezani. Desturi ya kliniki nyingi ni dakika 30 kwa mlo, 15 kwa kitafunio, halafu kama saa moja mtu abaki naye, asiende chooni peke yake kutapika. Tazama anavyokatakata chakula, anachoficha kwenye mkono wa sweta au kwenye leso. Makovu juu ya vifundo vya vidole yanatokana na meno, mtu akijitapisha. Daktari Gerald Russell aliyaeleza mwaka 1979. Mpime asubuhi, akishakojoa, na nguo nyepesi. Lita moja ya maji aliyokunywa kabla ni kilo moja nzima kwenye mizani.

Sasa maneno, na hapa nakusihi sana. Kwetu "umenona" ni sifa, mama mkwe anakusalimia hivyo. Kwa msichana huyu ni kisu. Usiseme umenona, usiseme umekonda, usimsomee uzito wake kwa sauti. Mwulize kuhusu usingizi, baridi, shule. Akikataa mlo, usimbembeleze kwa vitisho wala zawadi: "Najua ni vigumu, tuko pamoja, jaribu kijiko hiki." Familia inaweza kusema ni maombi ya kufunga, au amerogwa. Usibishane nao. Andika walivyosema, umpelekee msimamizi.

furaha_nutri (Kadutu)

Asanteni sana, wakubwa zangu. Moja tu: mtoto wa bwaki akipungua kilo nzima siku nne za kwanza, mama akaanza kulia kwamba maziwa yanamwua mtoto wake, nimwambieje?

mwuguzi_bagira

Kama uvimbe unapungua na mtoto anachangamka, ni maji yanayotoka. Ni habari njema. Usimweleze kwa takwimu. Shika mguu wa mtoto mbele yake, mpe mama abonyeze mwenyewe kwa dole gumba. Mwambie afanye hivyo kila asubuhi na akuambie shimo limebaki na kina gani. Kama uvimbe haupungui, au uzito unashuka na mtoto anaharisha na macho yameingia ndani, hapo usimtulize mama. Kimbia ukaite daktari.