Nilivaa glavu, kosa langu ni nini? Swali kuhusu mifuko ya mkojo, vipimo na majimaji ya mwili

Swali: Mwanafunzi wa uuguzi, mwaka wa pili

Shikamooni wakubwa zangu. Mimi ni mwanafunzi wa stashahada ya uuguzi na ukunga, na kwa sasa nipo katika mafunzo kwa vitendo kwenye wodi ya wanawake ya hospitali ambayo sitaitaja. Jana asubuhi nilipangiwa kumwaga mifuko ya mkojo ya wagonjwa watatu waliowekewa mipira ya kutolea mkojo kwenye kibofu, na kujaza chati zao za maji yanayoingia na yanayotoka. Nilivaa glavu safi, nikachukua jagi la kupimia, nikaanzia kitanda cha kwanza na kumalizia cha tatu, kisha nikavua glavu, nikanawa mikono kwa sabuni na kwenda mezani kuandika vipimo vyote vitatu. Sista wa zamu alinisimamisha mbele ya wenzangu akasema nimefanya makosa mawili: nimehudumia wagonjwa watatu kwa glavu na jagi lilelile, na nimeandika vipimo kwa kumbukumbu.

Nimelitafakari jambo hili usiku kucha na bado sijalielewa. Glavu zile hazikuwa na damu, wala sikugusa kidonda cha mtu yeyote. Somo moja linatufundisha kwamba mkojo hauhesabiwi miongoni mwa majimaji yanayoambukiza VVU, na somo jingine linasema majimaji yote ya mwili yachukuliwe kuwa na maambukizi, isipokuwa jasho. Nishike kauli ipi? Na hilo la kuandika linahusiana vipi na usalama wa mgonjwa, ikiwa tarakimu zenyewe nilizikumbuka?

Jambo la mwisho sijamwambia mtu. Jana hiyohiyo jioni, baada ya kumchoma mgonjwa sindano, nilijichoma kidole wakati narudishia kifuniko. Damu ilitoka kidogo sana. Nilipaka spiriti nikaendelea na kazi, kwa sababu nilikuwa nimeshakaripiwa mara moja siku hiyo. Je, nisubiri nipime baada ya miezi mitatu?

Jibu la 1: Muuguzi, kliniki ya tiba na matunzo

Marahaba, mdogo wangu. Wengine watakujibu kuhusu glavu na jagi. Mimi naanza na hilo uliloliweka mwisho, kwa sababu ndilo lisilosubiri. Acha kusoma, nenda sasa hivi kwa kiongozi wa wodi, au moja kwa moja kwenye kliniki ya VVU ya hapo hospitalini, ueleze kwamba jana jioni umejichoma kwa sindano iliyotumika. Dawa za kuzuia maambukizi baada ya ajali ya namna hiyo huanzwa mapema iwezekanavyo, na haziruhusiwi kuchelewa kupita saa 72. Ukizianza, utazimeza kila siku kwa siku 28 bila kuruka hata moja. Watakupima leo hii ili ijulikane ulikuwa na hali gani kabla ya ajali, na mgonjwa ataombwa ridhaa ya kupimwa na mtu mwingine. Usiende kumwomba wewe mwenyewe, wala usifungue faili lake kutafuta majibu.

Hofu yako ni ya haki, lakini ipime kwa tarakimu. Sindano yenye damu ya mtu mwenye VVU huambukiza takriban mara 3 katika ajali 1,000. Kwa homa ya ini aina ya C haizidi takriban 2 katika 100. Kwa homa ya ini aina ya B, mhudumu asiyechanjwa anakabiliwa na kati ya 6 na 30 katika 100, kutegemea wingi wa virusi katika damu ya mgonjwa. Kwa hiyo utakapofika kliniki taja pia kama ulikamilisha dozi tatu za chanjo ya homa ya ini B, yaani ya mwanzo, ya baada ya mwezi mmoja na ya baada ya miezi sita. Kama hukumbuki, sema hukumbuki; chanjo hiyo husaidia hata baada ya ajali ikianzwa mapema.

Spiriti usiitumie tena namna hiyo. Kidole kilichochomwa huoshwa kwa sabuni na maji yanayotiririka, bila kukamuliwa na bila kumwagiwa klorini. Na kuhusu kukaripiwa, nimewahi kuwapokea wahudumu waliokuja siku ya tano kwa sababu ya aibu, na sikuwa na cha kuwapa zaidi ya vipimo. Nakuomba usiwe mmoja wao.

Jibu la 2: Mkufunzi wa uuguzi

Natumaini umeshakwenda kliniki kabla ya kuyasoma haya.

Mkanganyiko wako ninaukuta darasani kila mwaka. Zile orodha mbili hazipingani, kwa sababu zinajibu maswali mawili. Ya kwanza inauliza kama mhudumu aliyerukiwa na kimiminika fulani yuko katika hatari ya VVU. Hapo tunahesabu damu, shahawa, majimaji ya ukeni, maji ya uti wa mgongo, maji ya chupa ya uzazi na yale yanayojikusanya kifuani, tumboni na kwenye maungio, ilhali mkojo, machozi, matapishi na kinyesi haviingii isipokuwa vimeonekana kuwa na damu. Orodha ya pili inauliza namna ya kumgusa mgonjwa ambaye bado hujui ana nini. Hapo huwezi kuchagua. Kinyesi kisicho na damu ndicho kinachobeba kipindupindu, na mkojo ulio safi machoni waweza kuwa umejaa bakteria waliozoea dawa zote zilizomo katika kabati la wodi yako. Ukiwa kazini shika orodha ya pili. Ya kwanza waachie wanaokupima baada ya ajali.

Utaratibu huu haukutungwa mezani. Mwaka 1976, katika hospitali ya misheni ya Yambuku, kaskazini mwa nchi iliyoitwa Zaire wakati huo, wauguzi walikuwa wakipewa sindano tano kila asubuhi kwa ajili ya wagonjwa wote wa siku nzima, na kati ya mgonjwa mmoja na mwingine zilisuuzwa kwa maji ya uvuguvugu tu. Ugonjwa uliosambaa kwa njia hiyo ndio ukaja kuitwa Ebola, na watumishi 11 kati ya 17 wa hospitali hiyo walikufa. Kisha katika miaka ya 1980, UKIMWI ulipoingia, Marekani iliagiza damu ya kila mgonjwa ichukuliwe kuwa na maambukizi, na mwaka 1996 agizo hilo likapanuliwa kugusa majimaji mengine ya mwili, ndipo jasho likaachwa nje. Hata hilo jasho tunalisamehe katika siku za kawaida tu. Marburg, ugonjwa unaofanana na Ebola, ilipozuka mkoani Kagera mwaka 2023, wahudumu wa afya walikuwa miongoni mwa walioambukizwa, na kwa magonjwa ya aina hiyo jasho linarudi kwenye orodha. Mgonjwa haingii wodini na jina la ugonjwa wake limeandikwa usoni, na ndiyo sababu tunaziita tahadhari za msingi: ni za kila mgonjwa, kabla ya kipimo chochote.

Sasa glavu. Zilikulinda wewe, na kwa kiasi fulani zilimlinda mgonjwa wa kwanza. Mgonjwa wa pili na wa tatu walipokea kilichotoka kwa waliowatangulia. Pale chini ya mfuko pana bomba dogo la kutolea mkojo. Uliligusa kwa vidole, na huenda liligusa ukingo wa jagi. Bakteria wakishaingia hapo huweza kupanda kupitia mfuko na mpira hadi kwenye kibofu, na kila siku mpira unapobaki ndani hatari hiyo inaongezeka. Mgonjwa wa kitanda cha tatu hana namna ya kujua kwamba homa atakayoipata baada ya siku nne ilitoka kitanda cha kwanza. Wewe pia hutajua, kwa kuwa utakuwa umeshahamishiwa wodi nyingine. Na hilo ndilo linalonifanya niwasisitizie wanafunzi jambo hili kuliko mengine yote, kwamba kosa la glavu halirudi kumwonyesha aliyelifanya.

Shirika la Afya Duniani linataja nyakati tano za kusafisha mikono: kabla ya kumgusa mgonjwa, kabla ya tendo linalohitaji usafi wa hali ya juu, baada ya kuwa katika hatari ya kugusa majimaji ya mwili, baada ya kumgusa mgonjwa na baada ya kugusa vitu vinavyomzunguka. Wewe ulisafisha mara moja, mwishoni, baada ya wote watatu. Glavu huvaliwa kwa mgonjwa mmoja, huvuliwa hapohapo kitandani pake, na mikono husafishwa tena hata kama glavu haikutoboka. Kitakasa mikono chenye alkoholi kinahitaji sekunde 20 hadi 30 tu. Ikiwa mikono ina uchafu unaoonekana, au mgonjwa anaharisha, tumia sabuni na maji kwa sekunde 40 hadi 60.

Jibu la 3: Mkunga, wodi ya wazazi

Mwanangu, mimi nitalijibu lile la kuandika, kwa maana wengi hulidharau wakidhani ni kazi ya karatasi. Majimaji yanayotoka mwilini ni hatari, na wakati huohuo ni habari. Figo haina namna nyingine ya kukueleza hali yake.

Chukua mama mwenye kilo 60. Mtu mzima anatarajiwa kutoa walau nusu mililita ya mkojo kwa kila kilo kwa saa, kwa hiyo huyu atoe mililita 30 kwa saa, au 180 kuanzia saa sita usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi. Sasa mweke kitanda cha kwanza akiwa na kifafa cha mimba, anapewa magnesiamu salfeti, dawa ya kuzuia degedege. Dawa hiyo hutolewa mwilini na figo. Kabla ya kila dozi inayofuata tunaangalia mambo matatu: anapumua walau mara 16 kwa dakika, goti linaruka likigongwa, na mkojo wa saa nne zilizopita haupungui mililita 30 kwa saa. Mkojo ukipungua, dozi inasimamishwa, kwa sababu dawa itajikusanya mwilini hadi pumzi isimame. Chukulia kwamba yeye alitoa mililita 60 kwa saa hizo nne, na jirani yake wa kitanda cha pili alitoa 400, na wewe pale mezani, baada ya kunawa, ukazibadilishana. Muuguzi wa zamu inayofuata ataiamini chati yako, na hapo uhai wa mama huyo utabaki kutegemea kama mtu atakumbuka kuhesabu pumzi na kugonga goti, na kama kalisi glukonati, dawa inayozima sumu ya magnesiamu, ipo karibu.

Inawezekana tarakimu ulizikumbuka sawasawa. Lakini hakuna mtu, hata wewe, anayeweza kuthibitisha hivyo, na sista hakuwa na njia ya kuziamini. Fanya hivi: soma jina na namba ya faili, mwulize mgonjwa jina lake ikiwa anaweza kujibu, weka jagi mahali palipo sawa, inamisha macho yako yalingane na mstari, soma, mwaga, vua glavu, takasa mikono, andika pamoja na saa, kisha ndipo uende kwa mwingine. Andika pia rangi na harufu. Mkojo mililita 200 wenye rangi ya chai ya rangi si sawa na mililita 200 ulio mweupe.

Mwanafunzi wa uuguzi

Nimerudi. Nilikwenda kliniki jana kabla ya saa sita mchana, nimepimwa, nimeanza dawa, na dozi ya kwanza ya chanjo nimepata kwa kuwa sikuwa na kumbukumbu ya kuchanjwa. Sista aliyenikaripia ndiye aliyenisindikiza, akajaza mwenyewe fomu ya ajali. Nawashukuru sana.

Nina swali moja la vitendo. Wodi yetu ina majagi mawili tu, na glavu huwa zinaisha kabla ya mwezi kwisha. Nifanyeje?

Jibu la 4: Msimamizi wa kinga na udhibiti wa maambukizi

Umefanya vyema kwenda. Glavu zikiwa chache, zitunze kwa kuacha kuzivaa pasipohitajika. Kupima mapigo ya moyo, kutandika kitanda kikavu na kugawa vidonge ni kazi za mikono iliyotakaswa, lakini katika wodi nyingi nimeona glavu zikiishia huko. Glavu za mara moja hazioshwi wala hazipakwi kitakasa ili zitumike tena.

Kwa majagi, kila mgonjwa mwenye mpira awe na chombo chake. Chupa tupu ya maji ya lita moja na nusu, iliyokatwa juu na kuwekewa alama kwa kumimina maji yaliyopimwa kwa bomba la sindano, inafaa kabisa. Iandikwe namba ya kitanda na itupwe mgonjwa anapotolewa mpira. Mnapolazimika kutumia jagi la wodi, lisuuzwe kwanza, kisha lizamishwe katika klorini ya asilimia 0.5 kwa dakika 10, lisuuzwe tena na likauke. Gawanya nguvu iliyoandikwa kwenye chupa ya klorini kwa 0.5, toa moja, utapata sehemu za maji. Klorini ya asilimia 3.5 inakupa 7, ukitoa moja ni 6, kwa hiyo kikombe kimoja cha dawa kwa vikombe sita vya maji, na ichanganywe upya kila siku. Usiimwage klorini moja kwa moja juu ya mkojo mwingi uliomwagika sakafuni, kwa sababu hutoa hewa inayochoma macho na kifua. Ukaushe mkojo kwanza, ndipo upake dawa.

Na sindano hairudishiwi kifuniko. Mara nyingi mwanafunzi hurudishia kwa sababu boksi la vitu vyenye ncha kali liko mwisho wa wodi na anaogopa kutembea na sindano wazi. Libebe boksi kwenye sinia au toroli hadi kitandani kabla hujaifungua sindano, na likifika robo tatu lifunge, ulete jingine.