Watoto na Wajukuu wa Bibi (Tanga)

Mama Rama: Assalam aleikum. Mama leo siku ya tatu hali chakula. Uji anaonja tu, kichefuchefu. Malaria tumempima, hana.

Shangazi Mwanaidi: Waaleikum salaam. Maskini mama yangu. Mpe ndimu na tangawizi, hiyo nyongo.

Baba Jamila: Dawa za moyo anameza?

Mama Rama: Nampa mwenyewe kila asubuhi, ya leo tu ndio kaikataa. Halafu jana kanishangaza, anataka nibadilishe taa ya chumbani, eti inatoa njano. Taa nyeupe pee!

Zainabu Moshi: Shikamooni. Mamdogo, umesema njano? Hebu piga picha dawa zote alizo nazo, hata za chini ya mto.

Mama Rama: 📷 Picha

Zainabu Moshi: Naona digoksini 0.25 ya moyo, Lasix ya kukojoza, na ya presha. Diklofenaki, hiyo ya maumivu, kamwandikia nani?

Mama Rama: Hakuna aliyemwandikia! Nimeikuta kwenye mkoba wake wa udi. Kumbe anamtuma mtoto wa jirani duka la dawa, goti linamsumbua.

Hamisi: Bibi huyo 😂😂

Zainabu Moshi: Kaka usicheke. Mamdogo, mashine ya presha inasoma mapigo mangapi?

Mama Rama: 44

Zainabu Moshi: Mpelekeni hospitali sasa hivi, msingoje kesho. Digoksini msimpe mpaka daktari aseme. Bebeni maboksi yote, na hiyo ya goti msiifiche. Habari ya njano mwambieni daktari. Apimwe figo, potasiamu na umeme wa moyo.

Shangazi Mwanaidi: Figo zimetoka wapi tena? Mgonjwa si wa moyo?

Zainabu Moshi: Shangazi, digoksini sehemu kubwa inatoka kwa mkojo. Figo zikilegea inabaki kwenye damu, na kesho anamezeshwa nyingine juu yake. Kidonge ni kile kile cha siku zote, figo ndio si zile. Sasa diklofenaki inapunguza damu inayoingia kwenye figo. Lasix nayo inatoa potasiamu kwenye mkojo, na potasiamu ikishuka digoksini inazidi kuukaba moyo. Kukataa chakula, kutapika, kuona njano au kijani, mapigo kwenda taratibu, yote hayo dawa ikizidi.

Baba Jamila: Bodaboda hapana. Chukueni bajaji, natuma hela.

*Saa 2 usiku*

Mama Rama: Amelazwa. Kreatinini, kile kipimo cha figo, 168, potasiamu iko chini, 3.1. Digoksini imesimamishwa, diklofenaki daktari kasema asiiguse tena. Kaunganishwa mashine ya moyo, anaongezewa potasiamu.

Baba Jamila: Cheti cha mwaka jana ninacho, kreatinini 96. Tuliambiwa hamna shida.

Zainabu Moshi: Kreatinini inatokana na misuli, baba. Bibi misuli iko wapi? Kwa mzee mwembamba namba inaweza kuonekana nzuri na figo zimechoka. Ukiipigia hesabu na miaka yake 78, ile 96 ni figo kuchuja mililita 52 hivi kwa dakika. Hii ya leo ni kama 27.

Baba Jamila: Na tangu hapo hajapimwa tena! Kila mwezi kliniki: presha, mzani, dawa, nenda nyumbani.

Zainabu Moshi: Hapo ndipo panaponiudhi. Anayemeza digoksini, tena mzee, apimwe figo na potasiamu angalau mara mbili kwa mwaka, na kila akibadilishiwa dawa au akiharisha. Msisubiri kuambiwa, ombeni.

*Kesho yake*

Mama Rama: Mapigo 52. Chai kanywa, ila kichefuchefu bado.

Shangazi Mwanaidi: Si dawa imeachwa?

Zainabu Moshi: Imeachwa ila haijatoka. Figo nzima zinachukua siku moja na nusu au mbili kuipunguza nusu. Za bibi zinaweza kufika siku nne. Ikirudishwa hairudi kwa kiwango kile, na mpaka vipimo virudiwe.

Shangazi Mwanaidi: Goti je?

Zainabu Moshi: Panadoli kwa kipimo atakachopewa, na kukandwa maji ya moto.

Baba Jamila: Jumamosi nakuja. Lile duka nalipitia mwenyewe.

Mama Rama: Anauliza nani kamchongea habari za mkoba wa udi.

Hamisi: Mimi nipo Dodoma jamani 🙌