Naombeni ushauri: kupima kinyama cha uvimbe wa ubongo wa mtoto

Shikamooni wakubwa, wengine habari za saa hizi. Niko Uyole, Mbeya. Mtoto wa dada yangu ana miaka 6, alipasuliwa Dar akatolewa uvimbe wa ubongo huku nyuma ya kichwa, majibu ya kinyama yakaja meduloblastoma (saratani ya ubongo wa nyuma), basi, aina haijaandikwa.

Sasa nimesoma mwongozo wa WHO wa 2021 unaugawa huu uvimbe kwa vinasaba, kuna kundi la WNT, kuna la SHH ambalo wanaangalia pia kama TP53 (jeni inayozuia saratani) imeharibika, halafu kundi la 3 na la 4. WNT ndo yenye nafuu, watoto zaidi ya asilimia 90 wanavuka miaka mitano, ila jeni ya MYC ikiwa imejizidisha hali inakua mbaya na uvimbe unarudi kirahisi. Daktari wa huku nilimuuliza akasema tusubiri MRI, namwelewa kabisa, lakini MRI si inaonyesha ukisharudi jamani, sisi tunataka kujua hatari mapema.

Bloki tulipewa tunayo, ile nta nyeupe kwenye kikasha cha plastiki chenye namba, kinyama chenyewe kama punje ya mchele, tumeiweka kabatini mbali na joto (huku baridi ipo ya kutosha).

Naomba kujua, kuna maabara hapa Tanzania au hata Nairobi inayopima beta-katenini (protini inayoonyesha kama ni kundi la WNT) na TP53 kwa kutumia bloki, na barua ya rufaa anaandika nani? Pili, majibu yakitoka yanaweza kubadilisha dozi ya mionzi au ni ratiba ya kumfuatilia tu? Mionzi bado hajaanza.