Kosiweki yangu (maksi za testi na asainmenti) haionekani tangu Machi, mshauri wa masomo simjui hata sura. Nifanyeje?

Wakuu habari za saa hizi. Niko mwaka wa pili, kozi naipenda na wala sitaki kuhama, shida ni huduma. Kuna somo nilifanya testi zote mbili na asainmenti ya grupu, matokeo yalivyotoka kwenye akaunti nakuta kosiweki haipo, nina inkompliti, yaani matokeo hayajakamilika. Lekchara anasema alishapeleka maksi idarani, idarani wanasema muone mtu wa mitihani, wa mitihani ananirudisha kwa lekchara, ndo nazunguka hivyo mpaka leo. Mlangoni kwa mshauri wangu wa masomo pamebandikwa karatasi, Jumatano saa nane mpaka saa kumi, nimeenda Jumatano tano pamefungwa, karatasi yenyewe imeshapauka na jua.

Kinachoniuma zaidi, ili uone matokeo lazima kwanza ujaze fomu ya kutathmini walimu, basi kila mtu anabonyeza 5 5 5 mpaka chini apite. Na mimi nilibonyeza hivyohivyo. Sasa chuo kitajuaje haturidhiki? Naogopa na bumu, hela ya mkopo, lisije likakwama mwakani.

Mtoto wa Kibada: Pole sana dogo. Acha kwenda kwa mdomo. Andika barua kwa mkuu wa idara, ambatisha kopi za testi zako, peleka masjala wakugongee muhuri wa kupokea kwenye nakala yako. Mimi nilizungushwa semesta nzima, barua ikamaliza siku nane.

Dada Mkubwa: Anza na CR, mwakilishi wa darasa, huenda mko wengi mna inkompliti hiyohiyo, mkiandika pamoja inakuwa ya darasa sio ya mtu mmoja. Na usisubiri hadi mwisho wa mwaka maana matokeo bodi ya mikopo wanaletewa na chuo, yakienda na pengo ndo utahangaika kweli.

Chaki Nyeupe: Nafundisha chuo. Zile 5 5 5 hazitusaidii kitu, ila sehemu ya maoni mwisho wa fomu tunaisoma. Kuna mwaka waliniandikia slaidi zangu wa nyuma hawazioni, nikabadilisha. Andikeni jamani, hata sentensi moja. TCU, ile tume ya vyuo vikuu, usiikimbilie, watakuuliza chuoni ulifikia wapi.

Mleta uzi: Asanteni sana. Testi ya kwanza ninayo, ya pili hatukurudishiwa. Inatosha?

Mtoto wa Kibada: Peleka hiyohiyo, kwenye barua taja tarehe uliyofanya ya pili, karatasi watatafuta wao.