Mrejesho: dirisha la vioo vya rangi lenye ramani ya Kariakoo

Niliuliza kama kila mtaa wa Kariakoo unaweza kuwa mstari wa risasi (utepe wa metali ya risasi unaoshikilia vioo) kwenye dirisha la sm 60 kwa 90. Limekamilika, asanteni sana wakuu.

Si kila mtaa. Risasi ni laini, na mstari mnyoofu unaokata dirisha zima unageuka bawaba: paneli inajikunja hapo hapo. Mitaa ya Kariakoo imenyooka mno, kwa hiyo Msimbazi na Uhuru tu ndiyo imepita moja kwa moja, kwa risasi ya mm 10. Nyuma kuna vyuma vinavyoikatiza, vimefungwa kwa waya wa shaba uliolehemiwa kwenye maungio. Mingine, ya mm 6, inapishana kama matofali ukutani. Ramani imepoteza usahihi kidogo, lakini dirisha limesimama imara.

Viwanja vya Mnazi Mmoja ni vipande viwili vya kijani, maana kioo cha umbo la L hupasuka kuanzia kona ya ndani.

Kioo kikatwe ndani ya mstari wa mchoro: kiini cha risasi, yaani sehemu ya katikati inayotenganisha vioo viwili, kinachukua karibu mm 1.75. Ukisahau hilo kwenye mistari 12 ya risasi, paneli inazidi fremu kwa mm 21.